Askari Aliyechoka Vita: Tumpokee Namna Gani?

Maneno yaliyosemwa mbele ya familia za wakimbizi wa ndani, mashefu wa vijiji na viongozi wa dini, Bunia



Leo tunataka kuzungumza juu ya mtu ambaye wengi wenu hampendi kusikia habari zake. Ni askari wa kikundi chenye silaha ambaye amechoka vita. Tunajua tunasema mbele ya nani. Wako hapa waliokimbia vijiji vya Djugu na Irumu na mtoto mgongoni na sufuria kichwani. Wako waliozika watu wao haraka haraka, na wako ambao hawakupata hata nafasi ya kuzika. Hatukuja kuwaambia msahau. Tumekuja kwa sababu mtu huyo, siku akiamua kuacha silaha, hana njia nyingine ila ile inayopita kwenu. Akiikosa njia hiyo atarudi msituni, na ninyi ndio mtakaokimbia tena.

Kuna jambo lingine linalosemwa kwa sauti ya chini. Baadhi ya familia zilizoko hapa zina mtoto, ndugu au mpwa huko msituni. Mama anamlilia aliyeuawa, na usiku anamwombea aliyeshika bunduki. Mama huyo hana pa kusemea. Mkutano huu ni wake pia.

Hakuna askari asiyechoka

Vijana wetu hupenda kutazama filamu za vita vya siku zijazo. Humo wamo wanajeshi wanaofanana na mashine: hawalali, hawaogopi, hawana mama. Wakuu wa vita wangependa kuwa na askari wa namna hiyo. Ndiyo maana hapa kwetu waliwachukua watoto, wale tuliowaita kadogo, wakawapa bangi na pombe kali, wakawaambia kwamba kwa dawa fulani risasi itageuka maji. Walitafuta kutengeneza mtu asiyechoka. Hawakufaulu. Risasi haikugeuka maji, na mtoto hakugeuka chuma.

Askari aliyechoka anajulikana. Hapati usingizi. Mlango ukigongwa kwa nguvu anaruka. Anakunywa ili asione tena yale aliyoyaona. Anakasirika kwa jambo dogo, kisha anakaa kimya siku nzima. Wengine wetu tumekaa na watu kama hao, na neno wanalolirudia mara nyingi ni moja: nataka kulala kwetu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Methali hiyo inamhusu aliyepigwa, na inamhusu pia aliyepiga.

Hatusemi hivyo ili tumwonee huruma kuliko ninyi. Tunasema kwa sababu kuchoka huko ni mlango. Vita haviishi siku wakuu wanapotia sahihi karatasi tu. Vinaisha pia pale anayebeba bunduki anapokataa kuibeba kesho.

Tumejifunza nini hapa Ituri

Vita vya mwaka 1999 vilianzia Djugu, kwa ugomvi wa mashamba, kisha vikaenea na kuua makumi ya maelfu ya watu. Mwezi wa Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka, Bunia yenyewe iligeuka uwanja wa mapigano. Mwezi wa Juni walifika askari wa Artemis, wa Umoja wa Ulaya, na mwezi wa Septemba kikosi cha MONUC kilichukua nafasi yao.

Kuanzia Septemba 2004 hadi katikati ya mwaka 2005 kulikuwa na mpango wa kuwapokonya silaha wapiganaji wa Ituri. Zaidi ya watu 15,000 walitoka, na miongoni mwao walikuwamo maelfu ya watoto. Hiyo ilikuwa kazi kubwa, na wengi hawakurudi tena vitani. Leo ni mafundi, wakulima, wafanyabiashara, wamotari wanaotubeba hapa mjini. Lakini wengine walirudi. Vikundi vipya vilizaliwa, na mwaka 2006 na 2007 ilibidi mapatano na upokonyaji wa silaha vianze upya. Kundi la FRPI lilitia sahihi mapatano na serikali huko Gety tarehe 28 Februari 2020, miaka mingi baada ya vita vile vya kwanza. Na mwishoni mwa mwaka 2017 Djugu iliwaka tena, na jina la CODECO likajulikana kila mahali.

Mnajua yaliyofuata kuliko sisi. Mwezi wa Februari 2022 wakimbizi wapatao 60 waliuawa katika kambi ya Plaine Savo. Mwezi wa Juni 2023 wengine zaidi ya 40 waliuawa katika kambi ya Lala, siku chache tu baada ya vikundi vyenye silaha kukutana Aru na kuahidi kusimamisha vita.

Tunapata fundisho gani? Bunduki inaweza kukusanywa kwa siku moja, lakini mtu huchukua miaka kurudi. Ukichukua bunduki na kumwacha mtu bila kazi, bila shamba, na jirani anayemwogopa, basi umempa likizo tu. Mkuu wa vita anajua mahali pa kumpata.

Kwa nini aliyechoka hatoki

Mtauliza: kama amechoka, anangoja nini? Anaogopa mambo manne.

Kwanza, anawaogopa wenzake. Anayekimbia kikundi huhesabiwa kuwa msaliti, na pengine familia yake hulipa.

Pili, anaogopa kisasi. Anajua alipita wapi na nani alimwona.

Tatu, anaogopa gereza, kwa kuwa hajui sheria inasema nini juu yake. Mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu na mkuu aliyetoa amri ya kuchoma kijiji wote wanafikiri watafungwa sawasawa.

Nne, anaogopa njaa. Kwenye bariera au kwenye machimbo ya dhahabu, bunduki inamlisha. Akiiweka chini, atakula nini?

Hofu ya kwanza na ya nne zinahitaji serikali na nguvu zake. Lakini ya pili na ya tatu, ninyi mlioko hapa mnaweza kuzipunguza.

Kupokea si kufuta kosa

Hapa tunaomba mtusikilize vizuri. Kumpokea mtu si sawa na kumsamehe. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Hakuna shefu, mchungaji wala shirika linaloweza kuutoa kwa niaba ya mjane. Kama moyo wako haujafika huko, hakuna atakayekulazimisha. Kupokea maana yake ni jambo dogo zaidi: kumwacha apite bila kumpiga, ajiandikishe, akae mahali panapojulikana, na aulizwe maswali na wenye haki ya kuuliza.

Tena, haki haikuisha. Mwezi wa Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa, na ilihusu Ituri. Thomas Lubanga alikutwa na hatia ya kuwaingiza jeshini watoto wa chini ya miaka 15, akapewa kifungo cha miaka 14. Mwaka 2014 Germain Katanga alihukumiwa miaka 12 kwa ajili ya shambulio la Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Mathieu Ngudjolo aliachiliwa mwaka 2012 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda alipewa miaka 30.

Angalieni jinsi mahakama ilivyopanga mambo. Mkuu aliyewachukua watoto ndiye aliyehukumiwa, na watoto walitambuliwa kuwa waathirika. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, nayo inakataza kabisa kumwingiza mtoto katika jeshi au kikundi chenye silaha. Kwa hiyo anayerudi akiwa na miaka 15 au 16 asiitwe muuaji barabarani. Aliibwa kwanza.

Na tusiwasahau wasichana. Hukumu ya Ntaganda ilitambua pia wasichana waliobakwa na kufanywa watumwa na wapiganaji wa kikundi chao wenyewe. Wengi wa namna hiyo hurudi kimya kimya, na mtoto mkononi, bila bunduki ya kutoa, na kwa sababu hiyo hawaandikwi popote. Mtoto yule hakuchagua baba. Tukimwita jina baya leo, tunamwandaa awe kadogo wa kesho.

Tunachowaomba

Kwa mashefu: kila kijiji kiwe na mtu mmoja au wawili wanaojulikana, ambao anayetaka kutoka anaweza kuwafikia kupitia ndugu zake. Shefu ampeleke kwa ofisi za serikali zinazohusika na kazi ya kupokea silaha, ile iliyoanzishwa mwaka 2021 kwa jina la P-DDRCS. Akiwa mtoto, apelekwe kwa mashirika ya kulinda watoto. Na wakati wa kugawa mashamba au misaada, msimpe aliyeshika silaha kabla ya aliyekimbia silaha. Jambo hilo limeleta uchungu mwingi, na uchungu huo ni wa haki.

Kwa familia zenye mtoto msituni: mpelekeeni neno. Mwambieni mnamtaka akiwa hai. Lakini msimlete kambini na silaha hata usiku mmoja. Kambi ikiingia bunduki inageuka shabaha, na watakaokufa ni majirani zenu.

Kwa waliopoteza watu: yaandikeni yaliyowapata. Jina la marehemu, kijiji, siku. Wekeni karatasi hiyo mahali salama. Siku ya mahakama au ya baraza la maridhiano itakapofika, mwenye karatasi atasikilizwa. Amani inayowataka mnyamaze si amani.

Kwa vijana: msimcheke aliyerudi na msimsifu. Akisimulia vita kama mchezo, mwulizeni wangapi kati ya wenzake wako hai.

Kwa viongozi wa dini: msihubiri msamaha siku ya kwanza. Kaeni kwanza na wafiwa, mle nao, msikilize. Aliyerudi naye anahitaji mtu wa kumwambia ukweli wake wote, bila kumpongeza na bila kumfukuza.

Nasi tunaofanya kazi ya amani tunajua deni letu. Mara nyingi miradi imekuja na vyerehani na mbegu za miezi sita, kisha imeondoka. Tunaendelea kuwaambia wafadhili na serikali kwamba msaada wa aliyeacha silaha na msaada wa kijiji kilichomwaga machozi uende pamoja: barabara moja, shule moja, soko moja linalotumiwa na Hema, Lendu, Alur, Bira, Ngiti na wengine wote. Mtu akipewa peke yake, majirani humwonea wivu. Kijiji kikipewa, humlinda.

Ndugu zetu, hakuna aliyekuja hapa kwa kupenda kuishi chini ya hema. Mnataka kurudi kwenye mashamba yenu. Askari aliyechoka naye anataka kulala kwao. Mara nyingi kwenu na kwao ni kilima kimoja, chemchemi moja ya maji. Hamtarudi mmoja bila mwingine. Ndiyo maana tunaomba baraza la kila kambi lianze juma hili kuzungumza jambo moja tu: akija mtu bila silaha na kusema nimechoka, tutampeleka kwa nani?

Mkishapata jibu, tuleteeni. Tutalifuata pamoja.

Amani ikae nanyi.