TAARIFA KWA WANANCHI: DHANA POTOFU JUU YA CHAKULA NA LISHE

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa wananchi wa Kata ya Mkotokuyana, Wilaya ya Nachingwea, Mkoa wa Lindi. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya wananchi wa Unguja na Pemba, kwa kuwa mengi yaliyomo yanawahusu wao pia.)



Nimeombwa nizungumzie lishe, nami nimeona ni bora nianze na zile dhana ambazo zimeenea mno miongoni mwetu hata zikachukuliwa kuwa ni ukweli. Baadhi tumezirithi kwa wazazi, na nyingine zimetufikia juzi tu kwa njia ya simu. Zote zina athari moja: chakula kipo nyumbani, lakini hakimfikii anayekihitaji.

Dhana ya kwanza ni kwamba aliyeshiba amelishwa. Utafiti wa Taifa wa afya uliofanyika mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 nchini Tanzania wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Mikoa iliyoongoza ni Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo ndiyo ghala la mahindi la nchi yetu. Njaa haielezi jambo hilo. Mtoto anayepewa uji mweupe asubuhi na ugali kwa mchuzi mwembamba jioni hushiba, lakini hakui ipasavyo. Na hasara hiyo, ikimpata tangu mimba mpaka atimize miaka 2, ni vigumu sana kuifidia baadaye, si katika kimo wala katika uwezo wake wa kujifunza darasani.

Dhana ya pili inamhusu mama mjamzito. Huambiwa asile mayai, ati mtoto atazaliwa hana nywele. Na huambiwa apunguze kula ili mtoto awe mdogo na uzazi uwe mwepesi. Wengine huficha vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki kwa kuogopa kuwa vitamnenepesha mtoto tumboni. Yai halina uhusiano wowote na nywele za mtoto. Ni chakula cha kujenga mwili, tena hupatikana uani pasipo kwenda dukani. Mama anayejinyima huweza kuzaa mtoto mwenye uzito pungufu, na mtoto huyo huanza maisha akiwa nyuma ya wenzake. Upungufu wa damu nao humhatarisha mama mwenyewe pale anapovuja damu wakati wa kujifungua. Wakwe na waume wanaosimamia sahani ya mama mjamzito wajue kuwa wanasimamia uhai wa watu wawili.

Dhana ya tatu ni ile ya unga wa lishe wenye nafaka nyingi. Tumezoea kuona mama akichanganya mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga na hata dagaa, kisha vyote vikapelekwa mashineni pamoja, kwa imani kuwa aina zikizidi na nguvu huzidi. Ndugu wananchi, mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ni kundi moja la chakula. Kuziweka zote katika debe moja ni sawa na kujenga nyumba kwa kuongeza milango mitano pasipo kuta. Tena nafaka zina kemikali za asili zinazozuia madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vyema na mwili wa mtoto. Soya mbichi ina kitu kinachozuia usagaji wa chakula tumboni, na huhitaji kupikwa vizuri kwa muda mrefu kuliko uji wa kawaida. Karanga zikisagwa na kuwekwa kwa wiki nyingi, mafuta yake huchacha.

Kubwa kuliko yote ni sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu katika mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 20 kati yao walifariki dunia. Sumu hii haiondoki kwa kupikwa. Kwa hiyo ile desturi ya kuuza karanga nzuri na kuzisaga zilizosinyaa na zenye ukungu kwa ajili ya uji wa mtoto ni hatari kubwa. Karanga za namna hiyo zitupwe. Wala kuku wasipewe.

Uji bora wa mtoto aliyetimiza miezi 6 ni wa nafaka moja, mzito kiasi cha kutomiminika upesi kutoka kwenye kijiko, ukaongezwa wakati wa kupika karanga safi zilizokaangwa na kutwangwa siku hiyo, au kunde zilizopikwa na kupondwa, au yai. Kabla ya miezi 6, maziwa ya mama peke yake yanatosha, pamoja na yale ya mwanzo ya rangi ya manjano ambayo baadhi yetu huyakamua na kuyamwaga tukidhani ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka, au walisimuliwa, kwamba mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga, na Nachingwea ikawa moja ya maeneo matatu yaliyochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Sababu ilikuwa uhaba wa mafuta ya kula kwao baada ya vita. Mpango ule ulishindwa, ukafungwa mwaka 1951. Lakini tuzingatie jambo moja: taifa kubwa lilivuka bahari kutafuta chakula ambacho leo sisi tunakipima chote kwenye mizani ya mnunuzi, bila kubakiza hata kibaba cha watoto.

Dhana ya nne ni juu ya muhogo. Wako wanaoudharau kuwa ni chakula cha maskini, na wako wanaouamini kupita kiasi, wakisema ukishakauka tu basi hauna madhara. Muhogo ni chakula cha heshima kinachostahimili ukame, lakini ule mchungu una sumu ambayo lazima itolewe. Mwaka 1981, ng'ambo ya Ruvuma katika mkoa wa Nampula nchini Msumbiji, zaidi ya watu 1,000, wengi wao wakiwa akina mama na watoto, walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo. Ukame ulikuwa umewabakishia muhogo mchungu, nao kwa njaa hawakungoja utayarishwe ipasavyo. Ugonjwa huo ulitokea Tarime mwaka 1985, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionekana huku kusini, Mtwara na Mbinga. Aliyepooza kwa konzo haponi.

Kinga yake haina gharama. Muhogo mchungu uloweshwe siku kadhaa kabla ya kuanikwa. Ikiwa tayari ni unga wa makopa, utiwe katika bakuli na kiasi chake kiwekewe alama. Kisha uongezwe maji huku ukikorogwa: unga utashuka kwanza, halafu utapanda tena mpaka kwenye alama ile. Hapo utandazwe juu ya mkeka, unene usiozidi sentimeta 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini, ili sumu itoke kama hewa. Upikwe siku hiyo hiyo, na uliwe pamoja na kunde, mbaazi, samaki au dagaa, kwani vyakula hivyo huusaidia mwili kuishinda sumu iliyosalia.

Dhana ya tano inawahusu zaidi ndugu zetu wa pwani na visiwani, nayo ni kwamba anayekula samaki hahitaji chumvi yenye madini joto. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa Unguja na Pemba, ukachapishwa mwaka 2006, uliikanusha dhana hiyo. Karibu theluthi ya wanafunzi waliopimwa Pemba walikuwa na tezi la shingo lililovimba, na karibu hapakuwa na nyumba kisiwani humo iliyotumia chumvi yenye madini joto. Chumvi ya bahari ikishakaushwa hubaki na madini hayo kidogo mno. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto huathirika kabla hajazaliwa. Basi tununue chumvi iliyowekwa madini joto, tuiweke katika chombo chenye mfuniko mbali na jua, na tuitie chunguni mwisho wa kupika. Nayo itumike kwa kiasi, kwani ikizidi hupandisha shinikizo la damu.

Mwisho, niseme machache kwa watu wazima. Maji ya moto na ndimu hayayeyushi mafuta ya mwili. Ugali wa dona una manufaa kuliko wa sembe, lakini mgonjwa wa kisukari hana ruhusa ya kuula bila kipimo. Na asiache dawa zake kwa sababu ya mizizi au chakula alichosifiwa. Kupunguza unene ni kazi ya kipimo cha chakula, kupunguza sukari na mafuta, na mwili kufanya kazi.

Ndugu wananchi, mashamba yenu yana mbaazi, kunde, choroko, njugu mawe, ufuta na karanga. Uani kuna kisamvu, majani ya maboga na mapapai. Msimu wa korosho huleta mabibo, ambayo vitamini C yake huzidi ile ya machungwa mara kadhaa, na yakiliwa pamoja na kunde huusaidia mwili kupata madini ya chuma. Ninachowaomba ni kwamba kabla gunia halijafungwa kwa ajili ya mnada, itengwe kwanza sehemu ya mama na mtoto. Na mtu akiwaletea neno jipya juu ya chakula, mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji au mpelekeni kliniki neno hilo kabla hamjalifuata.