Mizani ya Kliniki ya Meno

Mwanafunzi wa utabibu wa meno ana jambo zito ambalo wenzake wa masomo mengine ya tiba aghalabu hawalifikii mapema hivyo: kabla hajapewa shahada, sharuti mkono wake mwenyewe uwe umechonga jino la mtu aliye hai, na jino likishachongwa halirudi.

Mfikirieni akiwa amekwisha kuondoa sehemu iliyooza, mrija wa kufyonza mate ukivuma, mgonjwa kaachama chini ya taa, naye haruhusiwi kuziba mpaka mwalimu aje, atazame, atie sahihi. Ilhali mwalimu ni mmoja, viti ni vingi, na ganzi yaanza kuisha. Mwalimu akifika, ima atamwonyesha kwa upole ukingo uliosalia na uozo, ima atamkemea palepale, na mgonjwa, asiyeweza hata kusema neno, atakuwa shahidi wa fedheha ile.

Je, mambo hayo yapimika? Mwaka 1997 Sue Roff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dundee, huko Scotland, walitoa hojaji iitwayo DREEM, yenye kauli 50 juu ya masomo, waalimu, hali ya chuo na maisha ya mwanafunzi mwenyewe, na tangu hapo imetumika katika vyuo vya tiba na vya meno vya nchi nyingi. Kila kauli hupewa alama kuanzia 0 hadi 4, hata jumla ya juu kabisa ikawa 200. Na chuo kilichopata kati ya 101 na 150 huhesabiwa kuwa mema yake yayazidi mabaya.

Naitakidi kwa dhati kwamba hojaji hiyo ni neema, lakini nawasihi wakuu wa vyuo wasiishie kwenye jumla. Chuo chaweza kupata 130, wakuu wakaridhika, ilhali kauli inayouliza kama waalimu huwadhihaki wanafunzi imepata alama duni kupita zote, na ile jumla ikawa pazia la kuifunika. Fauka ya hayo, DREEM haikutungwa kwa ajili ya kiti cha meno: haiulizi viti vyatosha ama havitoshi, wala sahihi ya mwalimu hungojewa muda gani. Ndipo wataalamu wa Athens, Ugiriki, wakatunga hojaji ya kliniki ya meno mahususi, DECLEI, na vyuo vyetu vingefanya vyema kuitazama.

Tena anayejibu hojaji ni yule yule anayengoja sahihi ili ahesabiwe jino aliloziba, hivyo huenda akaogopa kusema kweli akitambulika. Darasa likiwa dogo, kumwandikisha mwaka wa masomo na jinsia yake ni sawa na kumwandikisha jina. Basi karatasi zisikusanywe na mwalimu wa kliniki, na maswali ya kumtambulisha mtu yaondolewe kabisa. Majibu yakipatikana, yasomwe kauli kwa kauli mbele ya waalimu na wanafunzi kabla muhula mpya haujaanza, na itajwe nani atashughulikia lipi, liwe la kuongeza mwalimu katika zamu yenye wagonjwa wengi, au la kumwita faraghani mwalimu ambaye ulimi wake unawatetemesha wanafunzi mikono wakiwa wameshika mashine ya kuchongea kinywani mwa mtu.