Mama Mkulima na Vitabu Vyetu vya Hesabu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya familia katika harambee ya mwaka ya wana-Kilema)



Tumepewa dakika kumi kuzungumzia maisha ya mama yetu, aliyefariki mwezi wa Mei akiwa na miaka 89. Mwenyekiti ametaka tuseme kama familia, na ndivyo tutakavyosema, sisi watoto wake tisa, saba tulio hai. Aliyeshika kipaza sauti ni mhasibu, kwa hiyo mtatuvumilia tukianza na vitabu.

Baada ya mazishi tulikusanya kila karatasi yenye jina la mama. Hazikujaza bahasha. Parokia ndiyo inayo jina lake mara nyingi kuliko ofisi yoyote: ubatizo mwaka 1935, kipaimara, ndoa mwaka 1954, na sasa kitabu cha marehemu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni hapa Kilema mwaka 1890 walikuja na utaratibu wa madaftari, na katika madaftari hayo mtoto wa kike alipata mstari wake sawa na wa kiume. Tunawashukuru kwa hilo, maana bila mstari ule tusingejua hata tarehe yake ya kuzaliwa.

Kwenye sanduku la bati la baba tulikuta stakabadhi za kahawa za karibu miaka arobaini. Zipo za chama cha msingi chini ya KNCU, zipo za miaka ile baada ya 1976 vyama vya ushirika vilipovunjwa, zipo tena za ushirika uliporudi. Kilo zimeandikwa, daraja limeandikwa, malipo ya kwanza na nyongeza. Jina ni moja tu, la baba. Baba alikuwa mtu mwema na hakumwibia mtu senti. Hivyo ndivyo kadi za uanachama zilivyokuwa. Lakini mkaguzi akiletewa mafaili yale leo ataamini kwamba kahawa yote ile ilichumwa na mtu mmoja.

Ninyi mliokulia kihambani mnajua ilivyokuwa. Mama aliamka saa kumi na moja, akawasha moto, akakamua ng'ombe. Msimu wa kahawa alichuma zile nyekundu tu, akarudi mgombani baada ya siku chache kuchuma zilizobaki. Jioni ile ile ilikobolewa kwa mashine ya mkono, maana kahawa iliyolala bila kukobolewa inaharibika. Ikavundikwa, ikaoshwa kwa maji ya mfereji, ikaanikwa kwenye kichanja. Mvua ikitisha mchana, aliyekimbia kuifunika ni yeye. Usiku alichambua mbovu kwa mwanga wa kandili huku akiongoza rozari, na sisi tulijifunza kuchambua na kusali kwa wakati mmoja. Fumbo likiisha kabla ya sinia kuisha, tuliongezewa litania.

Mwezi wa Machi alishuka tambarare kulima mahindi na maharage, akapanda mlima jioni na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Ng'ombe wetu hawakujua malisho. Walikula zizini walicholetewa, na samadi yao ndiyo iliyolisha migomba na kahawa. Ukifuata mzunguko huo, majani, ng'ombe, samadi, kahawa, utaona kwamba pembejeo kubwa ya zao la baba ilibebwa na shingo ya mama. Haikuwahi kuwekewa bei.

Yeye alikuwa na hesabu zake. Kwa mila yetu kahawa ilikuwa ya mwanamume, ndizi na maziwa ni vya mwanamke. Kila siku ya soko aliteremsha mikungu Himo au Marangu, na kwenye mlango wa stoo alichora mistari kwa mkaa: mkungu uliouzwa, deni la jirani, ada ya mtoto fulani iliyobaki. Tumeutazama mlango ule kwa jicho la kazi yetu na hatuna la kukosoa. Fedha ya kahawa ilikuja kwa msimu, ikalipa ada na mabati. Fedha ya ndizi ilikuja kila wiki, ikalipa chumvi, mafuta ya taa, madaftari, dawa, na sadaka ya Jumapili.

Tofauti hiyo ilionekana wazi mwaka 1989. Makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na dawa za kunyunyizia chulebuni na kutu ya majani zikazidi kupanda. Wapo waliong'oa mibuni. Wengi wetu tuliomo humu ukumbini tulikuwa shuleni miaka ile, na hatukurudishwa nyumbani wote. Tulisomeshwa na nini? Tazameni vizuri: tulisomeshwa na maziwa na ndizi. Shahada iliyotufanya tukaajiriwa mjini kukagua vitabu vya watu wengine ililipiwa na akaunti isiyokuwa na kitabu.

Baba alifariki mwaka 1997. Matanga yalipokwisha ukoo ulikaa, na shauri lilikuwa jepesi kwa wazee: kihamba na kadi ya chama viandikwe jina la mtoto wa kiume, mama atunzwe. Walisema kwa nia njema. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na rozari mkononi, kisha akasema, "Niandikeni mimi. Nikifa mtaandika mnayemtaka." Kukawa kimya. Mzee mmoja akauliza kama mama anataka kuolewa tena apeleke shamba kwingine. Alikuwa na miaka 62. Alicheka, na baadhi ya wazee wakacheka, lakini shauri halikuisha siku ile. Lilichukua zaidi ya miaka miwili, na maneno mengine yaliyosemwa kipindi hicho hatutayachapisha kwenye kijitabu cha harambee.

Alipata kadi yake akiwa na miaka 64. Malipo ya kwanza yaliyotoka kwa jina lake alitoa zaka, akanunua sare mpya ya WAWATA, na zilizobaki akaezeka upya zizi. Baadaye ilipopatikana miche chotara inayostahimili chulebuni na kutu, kazi ya watafiti wa kahawa wa Lyamungo, alipanda miche hiyo akiwa amepita miaka 70. Jirani alimwuliza anampandia nani. Akamjibu kwamba mbuni hauulizi umri wa aliyeupanda.

Msimu uliopita alikuwa bado anachambua kahawa, amekaa kwenye kigoda mlangoni. Misa ya asubuhi alihudhuria mpaka miguu ilipokataa. Homilia ndefu alizisamehe, Baba Paroko.

Ndugu zangu, haya hatuyasemi kwa sababu ya mama yetu peke yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mke aliyeitunza na kuiendeleza kwa nguvu zake ardhi iliyo kwa jina la mume amepata haki ndani yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka huo huo inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki. Sheria ipo, ila haipandi mlima yenyewe. Katika vitongoji vyetu wapo wajane wanaolala na wasiwasi kila Desemba, kwa sababu Desemba ndipo watoto tunaporudi kutoka mjini na mafundi wa kupima uzio.

Kamati imekubali kwamba fedha za kwanza za harambee ya mwaka huu zilipie gharama za hati za hakimiliki ya kimila kwa wajane, kwa majina yao wenyewe. Bomba la maji litafuata. Tunajua wapo wasiopenda mpangilio huo, nao waseme leo hapa hapa, mchana, mbele ya akina mama wenyewe.

Familia yetu inaanza na fedha yote ya kahawa ya msimu uliopita, ile aliyoichambua pale kwenye kigoda. Mweka hazina ameshapokea na ametupa stakabadhi. Tumeomba aiandike kwa jina la mama, naye ameandika.

Fomu za ahadi ziko mezani karibu na mlango. Mwaka huu zina mistari miwili, wa mume na wa mke. Tafadhali jazeni yote miwili.