Pampu ya Insulini, Kabla ya Kuivaa

Mafuriko yalipovamia vijiji vya Rufiji na Kibiti Aprili 2024, mwenye kisukari cha aina ya kwanza alikuwa na kitu cha ziada cha kuokoa: insulini yake. Anayetamani pampu aanze kwa kufikiria siku kama hizo.

Pampu ni mashine ndogo inayovaliwa mwilini. Usiku na mchana huingiza insulini ya haraka kidogo kidogo, kupitia mrija mwembamba chini ya ngozi. Uzuri wake ndio hatari yake, maana mwilini hamna akiba ya insulini ya muda mrefu. Mrija ukiziba au betri ikizima, ketoni, yaani asidi hatari, zaweza kupanda damuni ndani ya saa chache, na huko delta ya Rufiji msaada waweza kuchelewa, kwa kuwa mashua hufuata maji kujaa na kupwa.

Kwa hiyo sindano na insulini ya akiba haziachwi kamwe.

Mgonjwa azoee kupima sukari mara kadhaa kwa siku, na ajue kukadiria wanga wa sahani ya wali. Insulini isiyofunguliwa huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Pasipo friji, mtungi wa udongo wenye unyevunyevu hupunguza joto. Vipimo vya insulini vya kuanzia hupangwa na daktari.