MELI YA ANGANI ISIYOFIKA: L 59 NA VITA VYA MWAMBAO
(Maneno ya mazungumzo juu ya historia ya mwambao wa Tanga)



Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, Tanga ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo ya mwambao kuonja moto wake. Baina ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914, Waingereza walishusha hapo askari wapatao 8,000 kutoka India. Jeshi hilo lilishindwa na askari wapatao 1,000, wengi wao Waafrika, waliokuwa chini ya Luteni Kanali Mjerumani Paul von Lettow-Vorbeck.

Mnamo Januari 1915 Wajerumani walishinda tena huko Jasini, karibu na mpaka wa Kenya. Hata hivyo, ushindi huo uliwagharimu risasi zipatazo 200,000. Pwani yote ilikuwa imezingirwa na manowari za Waingereza, na risasi iliyopigwa haikuwa na badala yake.

Hivyo basi, Ujerumani ilitafuta njia ya kupeleka zana. Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyojigeuza kuwa ya Kidenmaki, ilifukuzwa na manowari Hyacinth hadi ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikapigwa na kuzama katika maji machache. Shehena yake nyingi iliopolewa na wazamiaji. Mwaka 1916 meli Marie nayo ilifika Sudi, kusini ya Lindi. Baada ya hapo bahari ilifungika kabisa, na fikra zikaelekea angani.

Chombo kilichotengenezwa kwa kazi hiyo kilikuwa meli ya angani aina ya Zeppelin. Cha kwanza, L 57, kiliharibika Oktoba 1917 kabla ya safari. Cha pili, L 59, kilikuwa na urefu wa mita 226 na injini tano, na kilielea kwa gesi ya haidrojeni. Kilipakia takriban tani 15 za risasi, dawa na mahitaji mengine. Kwa kuwa huku hapakuwa na gesi ya kukirejesha, ilikusudiwa kivunjwe kifikapo: kitambaa chake kiwe mahema na bendeji, na mifupa yake iwe milingoti ya simu ya upepo.

Tarehe 21 Novemba 1917, chini ya Kapteni Ludwig Bockholt, L 59 iliondoka Jamboli, nchini Bulgaria. Ilivuka bahari ya Mediterania na jangwa la Misri. Ilipofika magharibi ya Khartoum ilipokea amri ya kurejea, kwani eneo lililokusudiwa kutua lilikuwa linaponyoka mikononi mwa Wajerumani. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji, akateka silaha za Wareno huko Ngomano.

Baadaye L 59 ilitumiwa kudondosha mabomu. Tarehe 7 Aprili 1918, ikiwa njiani kwenda Malta, iliwaka moto juu ya mlango wa bahari wa Otranto, na wote waliokuwamo wakafa.

Wasikilizaji watukufu, yapasa kukumbuka kwamba safari ile ya tani 15 imeandikwa vitabuni saa kwa saa. Lakini pande zote mbili zilibebewa mizigo yao vichwani na wapagazi wa Kiafrika, maelfu kwa maelfu, nao walikufa kwa njaa, homa na kuhara. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo, na jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, ni miongoni mwa kumbukumbu chache walizoachiwa.

Kwa hiyo, mzee aliyesikia habari zao kwa wazazi wake na awasimulie vijana, nao vijana waandike. Chombo kilichorudi njiani kimehifadhiwa jina lake; waliofika na mzigo wasisahauliwe.