Bwate ya Gari Yetu Haijakufa
(Maneno ya komite ya usafiri kwenye mkutano wa wanachama)

Tutasema juu ya ile Land Cruiser yetu ya mazutu, ya miaka ya 1990, kwa sababu wengi mmesikia kwamba bwate imekufa na kila mtu atatoa mchango wa kununua ingine. Bado. Sikieni kwanza.

Gari hii ni otomatike. Sisi tuliorudi kutoka Nyarugusu tunasema gia, ninyi mliobaki mnasema vitesi, kitu ni kimoja. Shofere habadilishi mwenyewe. Bwate inajiamulia kwa kuangalia mambo mawili: mwendo wa gari, na namna mguu unavyokanyaga. Habari ya mguu inaifikia kwa kebo nyembamba ya chuma inayotoka kwenye pompi ya mazutu.

Kebo ikikazwa sana, gari inachelewa kubadilisha. Inalia na ya kwanza mpaka watu sokoni wanageuka, halafu inaruka kwa kishindo. Hiyo njo ilitusumbua mwanzoni. Fundi mmoja akailegeza ili ibadilishe mapema na ile mazutu kidogo. Tulifurahi, tuseme ukweli. Ikawa laini kabisa. Lakini kebo hiyohiyo ndiyo inayoongeza presha ya mafuta ndani ya bwate. Ikilegea, presha inashuka, disiki zinateleza badala ya kushikana, na zikiteleza zinaungua. Mwezi uliopita tulikuwa na mama mjamzito njiani kwenda hospitali, Baraka. Kwenye mpando moteri ikapiga kelele, gari haikuongeza mwendo. Tulifika, lakini hakuna aliyekuwa anaongea.

Tulipotoa kijiti cha kupimia, mafuta yaliyokuwa mekundu yamekuwa kahawia, yananuka kuungua. Vipande vya chuma hatukuona. Kebo tumeirudisha kwenye kipimo chake, mafuta tumebadilisha, na sasa inabadilisha vizuri hata ikienda polepole. Ila kumwaga mara moja hakutoi yote, mengi yanabaki ndani ya konvata. Itabidi tumwage tena. Mchango tunaoomba ni wa mafuta hayo, si wa bwate.

Mashofere: mafuta yanapimwa bwate ikiwa na moto, gari iko pahali pa sawa, moteri inazunguka, baada ya kupitisha mkono wa vitesi pahali pote na kuurudisha P. Kwenye mteremko wekeni 2 au L, msitegemee breki peke yake. Na mtu asiguse kebo bila komite kujua, hata kama anajua kazi.

Vijana, tunajua mnapenda kusukuma. Hii haiwaki kwa kusukumwa: pompi ya ndani ya bwate inazungushwa na moteri, moteri ikilala hakuna presha, mtachoka bure. Dawa ni betri nzima, na yetu imezeeka. Bei yake anayo mweka hazina, asimame sasa aitaje.