Majina Juu ya Mawe

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Msemaji ni mtumishi wa serikali aliyesoma hapa shuleni tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, kisha akaendelea Chuo Kikuu.)



Katibu wetu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya utumishi wa umma. Nimemwomba radhi. Mambo ya utumishi mnayasikia kila siku, na baadhi yetu tumekuja hapa ili tuyasahau kwa siku mbili. Leo nataka kuwasimulia asubuhi moja tu, tangu saa tatu hadi saa saba mchana, niliyotembezwa katika mji wa Valletta, kisiwani Malta. Nitawaeleza niliyoyaona, na mwisho nitaungama kosa nililolifanya nikiwa kidato cha tatu hapa hapa. Walimu wa wakati ule naomba wasinichukulie hatua, maana muda umepita.

Malta nilipelekwa na kazi, kwa mafunzo ya wiki mbili juu ya uendeshaji wa bandari. Jumamosi ya katikati tulipewa mapumziko. Tulikuwa watu kumi na wawili kutoka nchi mbalimbali, tukachanga fedha tukamkodi mtembeza wageni kwa nusu siku. Alikuja mama mmoja wa makamo, mwembamba, amevaa kofia ya ukili na raba miguuni. Nilipoziona raba zile nilipaswa kuelewa kwamba kuna kazi mbele. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya ofisini.

Malta ni visiwa vidogo katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya Sisilia. Walitawaliwa na Waingereza kama sisi, wakapata uhuru tarehe 21 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Tanganyika na Zanzibar kuungana. Wakawa jamhuri mwaka 1974, na askari wa mwisho wa Kiingereza wakaondoka tarehe 31 Machi 1979. Valletta ndio mji wao mkuu. Ni mji mdogo ajabu. Mtu mzima aweza kuutembea kutoka lango lake hadi ncha ya bahari kwa muda wa dakika ishirini, kama hasimami. Lakini sisi tulisimama kila hatua ya kumi.

Kabla hatujaingia langoni, yule mama alituuliza kila mmoja anatoka wapi. Nilipotaja Dar es Salaam alicheka, akasema, "Dar kwetu ni nyumba, na sliem ni amani." Hapo tukaanza kushindana. Yeye akasema baħar, mimi nikasema bahari. Yeye dinja, mimi dunia. Yeye ktieb, mimi kitabu. Yeye siegħa, mimi saa. Kuhesabu tukakutana njiani: wao husema sitta, sebgħa, disgħa, nasi twasema sita, saba, tisa. Kimalta ni lugha iliyozaliwa na Kiarabu, lakini huandikwa kwa herufi za Kirumi kama Kiswahili, na wasemaji wake walio wengi ni Wakatoliki. Hata mfungo wao wa Kwaresima wanauita Randan, yaani Ramadhani. Ndugu zangu, nilikuwa nimesafiri mbali sana na kwetu, na ghafla nikajiona kama niliyefika kwa binamu nisiyemjua.

Tukaingia. Mji huu, yule mama alitueleza, ulijengwa kwa sababu ya hofu. Mwaka 1565 jeshi la dola ya Uthmaniya lilikizingira kisiwa kuanzia mwezi Mei hadi Septemba. Wenye kukitawala wakati ule walikuwa ni chama cha watawa waliokuwa pia askari, Chama cha Mtakatifu Yohane, na mkuu wao aliitwa Jean de Valette. Walinusurika. Tarehe 28 Machi 1566 de Valette akaweka jiwe la msingi la mji mpya juu ya kilima kitupu kilichochomoza baharini. Baba Mtakatifu alimleta mhandisi kutoka Italia, Francesco Laparelli, naye alichora barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari. Walikusudia kukisawazisha kilima chote, wakaona muda hautoshi, wakakiacha kama kilivyo. Ndiyo maana vichochoro vingi vya Valletta ni ngazi tupu, zinapanda na kushuka. Magoti yangu yanaikumbuka habari hii vizuri kuliko kichwa changu.

Jambo moja lilinifurahisha kama mtumishi wa serikali. Sheria za ujenzi za mji ule zilidai kila nyumba iwe na kisima chake cha kuhifadhi maji ya mvua. Hiyo ilikuwa karne ya kumi na sita! Sitasema zaidi, maana hapa wapo wenzangu wa idara ya maji.

Tulipita nafasi iliyokuwa jumba la tamthilia, lililobomolewa kwa bomu tarehe 7 Aprili 1942. Nguzo zilizovunjika wameziacha zisimame, na katikati yake wameweka viti. Siku hizi watu wanatazama michezo chini ya anga wazi. Jirani yake ni Bunge lao jipya. Mwezi ule ule wa Aprili 1942 Mfalme wa Uingereza aliwatunukia watu wote wa kisiwa nishani ya ushujaa, kwa jinsi walivyostahimili mabomu na njaa. Nishani hiyo imechorwa kwenye bendera yao mpaka leo.

Halafu tukafika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Kwa nje ni kama bohari la forodha, kuta tupu zenye minara miwili. Mjenzi wake alikuwa Mmalta mwenyewe, Gerolamo Cassar, naye alilimaliza miaka ya 1570. Mlangoni akina mama wawili wa kundi letu walizuiwa kwa ajili ya viatu vyenye visigino vyembamba, wakatakiwa wavae bapa. Wakanung'unika. Tulipoingia tukaelewa. Sakafu yote ni makaburi. Yapo mawe ya marumaru ya rangi mbalimbali yapatayo mia nne, na kila jiwe lina jina la mtawa-askari aliyelala chini yake, ngao ya ukoo wake, na sifa zake. Kisigino chembamba hutoboa marumaru. Kwa hiyo tulitembea juu ya majina ya watu, taratibu, kama watu wanaoogopa kuwaamsha.

Katika chumba cha pembeni kuna picha moja ya rangi, upana wake zaidi ya mita tano. Aliichora Mwitalia Caravaggio mwaka 1608, nayo yaonyesha kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Caravaggio alikuwa amemwua mtu Roma, akakimbilia Malta, akapokewa hata akafanywa mmoja wa watawa-askari. Damu ya Yohane imemwagika chini, na ndani ya damu ile mchoraji ameandika jina lake. Yule mama alituambia kuwa katika picha zake zote, hiyo ndiyo pekee aliyoitia sahihi. Kabla mwaka haujaisha alifanya kosa jingine, akatiwa ndani, akatoroka, nao wakamfukuza chamani. Hukumu ilisomwa katika chumba kile kile, mbele ya picha yake mwenyewe. Waliliondoa jina lake katika daftari lao, lakini lile la kwenye picha lipo.

Tukiwa tumesimama pale, mimi nikauliza, "Mama, na mawe haya yote, aliyabeba nani?"

Nilidhani nimemtega. Hakusita hata kidogo. Alisema walikuwepo vibarua kutoka kisiwani na Sisilia, na walikuwepo pia watumwa. Watawa-askari wale walikuwa wakiteka merikebu za Waislamu, na mateka waliuzwa au walifungwa kwenye makasia, au walitiwa katika kazi za kujenga ngome. Mji ulikuwa na gereza lao maalumu. Mwaka 1749 watumwa walipanga kuasi na kumwua Mkuu wa Chama. Siri ikafichuka, na viongozi wao wakauawa. Utumwa ulifutwa pale mwaka 1798, Napoleon alipowafukuza watawa-askari. Kisha akaitazama sakafu, akasema, "Hao hawamo humu chini. Kwa hiyo mimi huwataja kwa mdomo, kila siku, hata wageni wasipouliza."

Naam, Ndugu Mwenyekiti, nilimheshimu sana mama yule kwa neno hilo. Mji ni wake, anaupenda, na hakuficha doa lake mbele ya mgeni.

Tukashuka hadi ncha ya mji, kwenye ngome ya St Elmo na hospitali ya zamani ya watawa. Wodi yake kuu ina urefu wa zaidi ya mita 150, na wagonjwa walikuwa wakila katika sahani za fedha. Leo jengo lile ni ukumbi wa mikutano. Toka hapo tukapanda gari dogo mpaka bustani ya Barrakka ya Juu, kutazama Bandari Kuu. Mimi ni mtu wa bandari, na nimeona bandari nyingi. Ile ilinifunga mdomo. Saa sita kamili mzinga ukapigwa chini yetu kwa desturi, tukaruka wote isipokuwa mwenyeji wetu.

Hapo ndipo aliponiuliza, tukiwa tumekaa kwenye benchi na chupa za maji. "Dar es Salaam ndiko ulikozaliwa?"

Nikasema la, nimezaliwa Kilwa, na nimesoma huko.

Macho yake yaliwaka. Alikuwa amesoma habari za Ibn Battuta. "Aliyefika Kilwa mwaka 1331! Basi nieleze. Msikiti ule mkubwa alijenga nani? Jumba la sultani likoje ndani?"

Ndugu zangu, nina shahada ya Chuo Kikuu. Nimekaa miaka minne katika shule hii, na ng'ambo ya mlangobahari Kisiwani inaonekana. Nilifungua mdomo nikasema, "Ni magofu ya zamani sana." Akangoja. Sikuwa na la kuongeza. Jambo moja tu nililijua kwa yakini juu ya magofu yale, nalo sikuweza kumwambia. Tulipokuwa kidato cha tatu tulivuka kwa mashua kwenda kucheza mpira, na baada ya mchezo, mimi na wenzangu watatu tuliingia ndani tukachonga majina yetu ukutani kwa ncha ya kisu. Wawili kati yao wamekaa katika ukumbi huu. Sitawataja, wanajijua.

Nilirudi hotelini nimenyamaza. Likizo yangu iliyofuata niliitumia Kilwa. Nilivuka, na mzee mmoja wa Kisiwani akanitembeza nusu siku, bila kofia na bila raba. Alinionyesha Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa karne ya kumi na moja, na makuba yake ya mawe ya matumbawe. Alinipeleka Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye birika la pembe nane linaloelekea baharini. Alinieleza kwamba masultani wa Kilwa walipiga sarafu zenye majina yao, na mimi baadaye nikasoma kwamba sarafu za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 hata katika kisiwa kimoja kaskazini ya Australia. Alinionyesha pia Gereza, na akanisimulia Wareno walivyoupora mji mwaka 1505. Nikamwuliza, na watumwa? Akanieleza hayo nayo, bila kung'ata maneno.

Nililitafuta jina langu. Ukuta ule umetengenezwa kwa chokaa mpya, na jina sikuliona. Nilimwambia mzee ukweli. Alinitazama kwa muda, akasema, "Wewe ni wa ngapi mwanangu! Bora wewe umerudi." Yale magofu yaliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, na mwaka 2004 yakaorodheshwa kuwa hatarini, yalitolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi kubwa ya mafundi. Kazi yao ilikuwa kutibu mvua, mawimbi na mizizi. Visu vyetu vilikuwa vinaongeza kazi.

Kwa hiyo nina ombi kwa mkutano huu. Kila mwaka wanafunzi wote wa kidato cha tatu wavushwe Kisiwani kwa nusu siku, wakiwa na daftari na kalamu, watembezwe na mzee anayejua, naye alipwe ujira wake. Wakirudi kila mmoja aandike kurasa mbili, na insha iliyo bora ichapwe katika gazeti hili. Nauli ya mashua na malipo ya mzee kwa mwaka wa kwanza nitatoa mimi. Mwaka wa pili nawaachia wale wawili.

Nanyi vijana, siku moja mtakaa kwenye benchi ugenini na mtu atawauliza juu ya kwenu. Mjibuni. Na mkivuka, visu viacheni bwenini.